Viatu vya Uviluq

Aliyeamua kwamba Uviluq apande ndege alikuwa na umri wa miaka sita, na meno ya mbele hana. Watu wazima walikuwepo chumbani, tena wenye vyeo. Alikuwepo daktari, ndani ya kioo cha kompyuta, amekaa zake mjini kusini, mbali nasi kwa siku nzima ya ndege. Alikuwepo nesi Gordon mwenye ndevu nyekundu, ambaye akiugua yeye zahanati yetu yote inalala. Alikuwepo Litia, binti wa huyo Uviluq, mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye mkalimani wa hiyo zahanati. Na alikuwepo Jaipiti, mdogo wake Litia, amesimama mlangoni na koti lake mwilini kama mtu aliyeacha pikipiki ya theluji ikinguruma nje. Na kweli alikuwa ameiacha ikinguruma.

"Mwambie mama ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa nyonga," daktari alisema. "Kuuondoa hatuwezi. Lakini akija huku tutampiga mionzi, na maumivu huenda yakapungua. Ni siku chache tu, kisha anarudi nyumbani."

Litia akatafsiri haraka haraka, macho yake kwenye kalenda ya ukutani. Kansa kwa lugha yetu hapa kisiwani Baffin, kaskazini kwenye barafu, inaitwa ugonjwa usiopona, kwa hiyo hata ukitaka kumpunguzia mtu makali, jina lenyewe limeshamaliza habari.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Uviluq, amelala ubavu kwenye kitanda cha zahanati, alimtazama mwanawe. Jaipiti akakunja pua. Akamtazama bintiye. Litia akapandisha nyusi. Kwetu hayo ni maneno kamili: nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana, na mdomo unaachwa ushughulike na kula. Daktari hakuona chochote. Alidhani kioo kimeganda, akaanza kugonga gonga vitufe.

Sasa mama atajibu nini hapo? Mmoja anataka aende, mwingine anataka abaki, na kila jibu lina mtoto wa kuumia. Uviluq akageuza shingo taratibu kuelekea sakafuni, alikokuwa amekaa Tulugaq akifunga na kufungua uzi vidoleni.

"Baba," akamwita, "wewe wasemaje?"

Huyo Tulugaq ni binti wa Jaipiti wa kumzaa. Lakini alizaliwa mara tu baada ya baba yake Uviluq kufariki, akapewa jina la marehemu, na kwetu anayepokea jina anampokea na mwenyewe. Tangu siku hiyo Uviluq humwita Baba. Jaipiti na Litia humwita Babu. Naye, pamoja na mapengo yake, humwita bibi yake "binti yangu", tena kwa ukali kidogo akiwa na njaa. Huo si mchezo. Babu hakemewi, hashurutishwi, na juu ya yote hafundishwi la kusema.

"Nenda," alisema Tulugaq bila kuinua kichwa. "Uniletee zabibu."

Kwani vuli iliyopita Uviluq alipotoka mjini alimletea mfuko wa zabibu za kijani, na mtoto hajazisahau.

"Basi nitakwenda," akasema Uviluq. "Baba kashasema."

"Amekubali," Litia akatafsiri.

"Vizuri sana," daktari akasema, na kioo kikawa cheusi. Gordon, aliyekaa nasi miaka ya kutosha kujua kilichotokea, aliinamia meza akatafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Jaipiti alitoka akaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka.

* * *

Ndege ilikuwa ije kesho yake, na kesho yake upepo ukaamka kabla ya watu.

Nyumba ya Jaipiti ina vyumba vitatu na watu kumi na mmoja, kwa hiyo siri hapo ni kitu cha kusikia kwa majirani. Uviluq alilazwa sebuleni, godoro limesogezwa dirishani, redio ya kijiji ikiita namba za bahati nasibu juu ya kichwa chake. Litia alikuja na begi la safari, kwani ndiye angemsindikiza. Ndugu wawili wakaenda kunong'onea jikoni, hatua nne kutoka godoroni.

"Umefurahi sasa," Jaipiti alisema.

"Nifurahi nini? Mimi ndiye niliyeagiza zabibu?"

"Ulipandisha nyusi."

"Na wewe ulikunja pua. Tumetoka sare."

"Dada, hizo siku chache zao tunazijua. Aglak alikwenda kwa siku chache. Akarudije?"

Aglak, jirani yao, alirudi ndani ya ndege ya mizigo, katikati ya nepi na makatoni ya soda. Walishusha soda kwanza ili isigande.

"Na wewe akilia kwa maumivu unafanya nini?" Litia akauliza. "Nikuambie? Unavaa koti. Unakwenda kutengeneza pikipiki. Mwezi mzima unaitengeneza, na haijaharibika hata mara moja."

Jaipiti akafungua friji, akaitazama, akaifunga.

"Gordon alisema mmoja wetu akijifunza kumchoma sindano, anaweza kubaki nyumbani," akasema mwishowe.

"Basi jifunze."

"Mimi nachinja, Dada. Mkono wangu haujui kuchoma taratibu. Lakini wewe unafanya kazi zahanati."

"Nafanya kazi ya mdomo! Nikishika sindano mkono unatetemeka kama mkia wa mbwa. Nimchome mama yangu mzazi? Nikikosea, je? Mkiniangalia wote hapa nyumbani, mtaniona nani?" Akashusha sauti, kana kwamba inasaidia. "Mjini kuna watu wa kazi hiyo."

"Watu wa kazi hiyo ndio waliotupa viatu vyake."

Siku hiyo Litia alikuwepo. Vuli ile alimpelekea mama yake wodini kipande cha nyama ya sili wa baharini, iliyoganda, kitu pekee ambacho angekula. Akaja mfanyakazi mmoja, akakibeba kwa vidole viwili hadi kwenye pipa, akafungua na dirisha. Siku iliyofuata viatu vya Uviluq, vya ngozi ya sili, alivyovishona kwa mkono wake, vilikuwa vimetiwa kwenye mfuko mweusi kwa sababu ya harufu, na mfuko mweusi ulikuwa umekwenda inakokwenda mifuko myeusi. Litia aliuliza kwa upole, kisha akauliza kwa upole zaidi, mpaka upole ukamwishia na safari ikafika.

Kwa hiyo Uviluq alirudi kwetu amevaa ndala za karatasi za hospitali. Kijiji kizima kilikuwa kiwanjani kumpokea, kama ilivyo desturi. Alipotokeza kwenye ngazi ya ndege na yale makaratasi miguuni, watu wote kwa adabu wakaanza kutazama mawingu. Ni Tulugaq peke yake aliyepaza sauti: "Binti yangu! Viatu viko wapi?" Jaipiti akapanda ngazi akambeba mama yake mgongoni.

Majira ya baridi yote yaliyofuata Uviluq alishona jozi nyingine, amelala ubavu, akipumzika kila baada ya mishono michache. Alipomaliza alivivaa, na hakuvivua hata kitandani. Maata, mke wa Jaipiti, alijaribu siku moja kumvua ili afue shuka.

"Mkwe wangu," Uviluq alimwambia, "shuka fua. Miguu niachie."

* * *

Siku ya pili upepo ukapungua kidogo, Jaipiti akapotea. Alirudi kutoka dukani na kifurushi ndani ya koti, karibu na ngozi, ili baridi isikiharibu. Zilikuwa zabibu. Kwa bei aliyolipa angeweza kujaza tangi la pikipiki akaenda kuwinda na kurudi.

Akaziweka mbele ya Tulugaq kwa heshima zote. Kumwambia mtoto "sema bibi asiende" hakuweza, hilo ni kumtia babu yake maneno mdomoni. Lakini kuzungumza hewani tu, nani amekataza?

"Zabibu hizi hapa, Babu," akasema akitazama dari. "Kumbe zipo hapa hapa kijijini. Mtu hana haja hata ya kusafiri."

Tulugaq akachukua moja, akaiminya. Ilikuwa na mikunjo kama kisigino.

"Hii imezeeka," akasema.

"Imekomaa, Babu. Onja."

Akaonja. Akaitoa mdomoni, akaitazama kwa huruma, akatambaa hadi godoroni na kuitia kinywani mwa bibi yake. "Kula wewe, binti yangu. Wewe pia umezeeka."

Uviluq akacheka. "Mwanangu," akamwambia Jaipiti, "baba yangu hakuhongeka akiwa hai, utamhonga sasa?" Akaendelea kucheka mpaka kicheko kikafika kwenye nyonga, na hapo kikageuka kitu kingine. Maata akapunguza redio, akaiongeza tena.

Saa za mchana wakasikia mngurumo juu ya mawingu. Nyumba zote zikatoa watu nje. Ndege ilizunguka kijiji, hatukuiona, tuliifuata kwa masikio. Ikashuka, sauti ikakaribia, watoto wakaanza kushangilia. Kisha ikapanda, ikazunguka mara nyingine, na mngurumo ukaelekea kusini ukipungua. Watu wakabaki wamesimama kwenye theluji wakisikiliza upepo, kama waliosusiwa.

Gordon akaja kwa miguu, ndevu zimeganda.

"Dawa yake ya maumivu ilikuwa ndani ya ndege hiyo," akamwambia Litia. "Iliyobaki zahanati ni kidogo. Itabidi tuivute mpaka warudi."

"Tuivuteje?"

"Tumpe pungufu," Gordon akasema, akavua kofia, akaivaa tena.

Litia akaondoka naye kwenda kupiga simu kuuliza ndege. Maata alikuwa ameshakwenda kazini, na wengine wote bado walikuwa nje. Ndipo maumivu yakaja tena, na safari hii yalimkuta Jaipiti peke yake na mama yake. Alifanya anachokifanya siku zote: alisimama, akavaa kofia, akashika kitasa. Uviluq hakumwita. Alikuwa ameuma ukingo wa glovu lake, macho yamefumbwa, na sauti iliyokuwa ikitoka hapo Jaipiti aliwahi kuisikia kwa wanyama tu, tena kabla hajawamalizia upesi kwa huruma.

Akaachia kitasa. Akarudi akapiga magoti, akamshika mabega mama yake, na akakaa hapo. Mkono wa Uviluq ulikamata ukosi wa koti lake na haukuuachia. Pikipiki nje iliwaka peke yake mpaka mafuta yakaisha, ikakohoa, ikazima.

Litia aliporudi alimkuta jikoni, ameegemea friji, ukosi umechanika.

"Aende," Jaipiti akasema.

"Umesemaje?"

"Aende. Nimekaa naye, Dada. Aende hata leo."

Litia akavuta kiti akakaa. "Basi tumekubaliana."

"Ndiyo."

"Mbona sasa hakuna anayefurahi?"

Kutoka sebuleni sauti ya Uviluq ikawafikia, chovu lakini kavu: "Hata mimi nasubiri mmoja wenu afurahi nilale."

* * *

Asubuhi ya siku iliyofuata mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa, na ndege ikatua. Rubani hakuzima hata injini, kusini kulikuwa na hali mbaya inakuja. Jaipiti alimleta mama yake kiwanjani kwa sleji ya kuvutwa na pikipiki, amemfunga kwa manyoya na kamba kama mzigo wa mayai. Wakamwingiza kwenye kibanda cha abiria, wakamhamishia kwenye machela. Nesi wa ndege, mwanamke wa kusini mwenye haraka na uso mwema, alikuwa akikagua mirija yake. Gordon alipokea boksi la dawa, akalikumbatia. Jaipiti alitoka kwenda kushikilia mlango, maana upepo ulikuwa ukiucheza.

"Litia," Uviluq akaita. "Nivue viatu."

"Mama, nje kuna baridi."

"Nivue. Vile vya kwanza walivitupa. Hivi hawatavigusa. Mpe Baba anishikie."

Litia akainama. Kamba za viatu alizifungua kwa meno, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akavivuta kimoja kimoja, bado vina joto, akaviweka mikononi mwa Tulugaq. Mtoto alikuwa ndani ya kofia kubwa ya manyoya, pua tu na macho ndiyo yanayoonekana. Akavitazama viatu. Akaitazama miguu ya bibi yake ndani ya soksi za kijivu, midogo, haijazoea kutazamwa.

"Utashuka na nini?" akauliza.

Litia akazifunika soksi kwa manyoya.

"Ukirudi, binti yangu. Kwenye ngazi. Utavaa nini?"

Litia alifungua mdomo. Maneno ya kumdanganyia mtoto yapo, kila lugha inayo, na yeye alikuwa na lugha mbili. Lakini huyu hakuwa mtoto tu. Akaufunga mdomo.

Uviluq alimtazama tu yule mdogo aliyekumbatia viatu, kwa muda, kama mtu anayesubiri baba yake amalize kufikiri. Kisha akauliza polepole:

"Baba. Niende?"

Tulugaq akakunja pua.

Jaipiti hakuona, alikuwa amewapa mgongo, anapigana na mlango. Gordon alikuwa na boksi lake. Nesi wa ndege aliona mtoto mwenye mafua. Walioona ni wawili: mama, na binti yake.

"Tuko tayari?" nesi akauliza, mkono kwenye machela. "Mtoto kasema kitu?"

Ilikuwa rahisi sana. *Hajasema kitu.* Na kwa masikio ya yule nesi ungekuwa ukweli mtupu, maana mdomo wa Tulugaq haukufunguka. Ndege ingeruka, mjini kuna watu wa kazi hiyo, na mkono wa Litia ungebaki salama mfukoni. Uviluq alikuwa ameshageuza macho darini, hamshurutishi mtu. Mapigo ya injini yalikuwa yakitikisa vioo vya kibanda. Miaka yote hiyo Litia alikuwa ametafsiri habari za watu wengine, nzuri na mbaya, na hajawahi kupunguza neno.

"Amesema hapana," akasema.

"Nani? Mgonjwa?"

"Baba yake."

"Baba yake yupo?" Nesi akatazama huku na huku kutafuta kizee. "Naweza kuzungumza naye?"

"Unaweza. Huyu hapa."

Nesi akamtazama Tulugaq, ambaye wakati huo alikuwa akijifuta kamasi kwa kiatu. Akamtazama Gordon. Gordon, bila kuachia boksi, akapandisha nyusi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kusema kweli alizipandisha vibaya.

"Mna uhakika?" nesi akamuuliza Litia. "Hali ya hewa ikifunga hatutaweza kurudi wiki hii."

"Hatuna," alisema Litia. "Babu, lete viatu. Jaipiti! Acha huo mlango, njoo umbebe mama."

* * *

"Chomeka tu," Gordon alisema. "Chungwa halijalalamika."

"Mkono unatetemeka."

"Naona."

Walikuwa mezani jikoni, Litia na bomba la sindano lenye maji, na chungwa alilotoa nesi wa ndege kwenye mkoba wa chakula chake, eti ni zawadi ya baba mtu. Lilikuwa limeshachomwa pande zote. Kila Litia akilishika lilimrushia maji usoni, na kila likimrushia Maata alicheka kwa kuficha mdomo, kisha akafuta macho yasiyokuwa na maji ya chungwa.

Sebuleni Jaipiti alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, kichwa cha mama yake pajani. Koti lake lilikuwa limetundikwa msumarini. Uviluq alikuwa na viatu vyake miguuni na kipande cha sili iliyoganda mkononi. Hakukila, alikilamba kidogo na kukiweka, akakichukua tena. Mara kwa mara alikuwa akinyoosha shingo kutazama jikoni.

"Bado mnauana na tunda?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Fanyeni upesi. Linakuja."

Wote wakajua hasemi chungwa. Gordon akavunja kichupa kipya, akamwonyesha Litia avute mpaka wapi, akarudisha mikono yake nyuma. Litia akasimama. Toka jikoni hadi godoroni ni hatua nne, na alizitembea kama anayevuka barafu changa. Tulugaq akapita chini ya mkono wake, akachukua chungwa mezani, akalibana, likatoa maji kwenye kila tundu. Akalinyonya.

"Hili limelowa ndani," akasema. Hata hivyo akalipasua, akaja kumwekea bibi yake nusu juu ya kifua.

Litia alipiga magoti. Sindano ilikuwa ikicheza mkononi, kila mtu aliona, na hakuna aliyetazama mawingu.

"Mama," akasema. "Nianze?"

Uviluq, meno yameshika glovu, akapandisha nyusi.